Kisima cha sadaka Kanyakine na swali la aseniki: maji yetu yanapimwa nini?



Mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipofariki, sisi wanawe tulikaa kitako baada ya arubaini tukaulizana tumfanyie nini kitakachobaki. Hapakuwa na ubishi mrefu. Kila mtoto wa madrasa anakijua kisa cha swahaba Saad bin Ubada aliyemchimbia mamake kisima. Tukakubaliana iwe maji.

Mahali nako tulipapata upesi. Shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, kwao ni Kanyakine, Imenti Kusini, kaunti ya Meru. Upande ule wa Mlima Kenya ni wa kijani, migomba na mikahawa kila unakotazama, na mtu wa Pwani akifika huko hudhani shida ya maji haiwezi kuwepo. Lakini mto uko bondeni na watu wako juu. Mfereji wa mradi wa maji hutoka siku kadhaa kisha hukauka. Kina mama wanateremka na mitungi na kupanda nayo mgongoni. Basi tukachanga, wengine Mombasa, wengine Malindi, binamu mmoja akaleta kutoka Muscat, na kisima kirefu kikachimbwa karibu na kwa wakwe wa kaka yangu. Kikawa cha jirani wote, Waislamu wachache waliopo na Wakristo walio wengi.

Mapema mwaka huu nilikwenda kukiona. Niliyaonja maji yale, baridi na matamu, nikamwombea mama dua palepale. Jioni ile akaja mwalimu mmoja mstaafu, mama wa makamo aliyefundisha sayansi shule za huko miaka mingi. Alikuwa ameiomba kamati ya maji ile karatasi ya maabara tuliyopewa baada ya kuchimba, na alikuwa ameisoma.

"Mwanangu," akaniambia, "karatasi yenu inasema maji hayana vijidudu, hayana tope, chumvi yake ni ya wastani. Vizuri. Aseniki iko wapi? Floraidi iko wapi?"

Nikaitazama karatasi. Mstari wa aseniki haukuwepo. Haikuwa imeandikwa kwamba imo wala kwamba haimo. Haikupimwa, na hakuna aliyeiulizia, mimi nikiwa wa kwanza. Kisha mwalimu akaniambia jambo ambalo sisi wageni tusingelijua: alipokuwa msichana, juu kidogo ya hapo palikuwa na josho la ng'ombe.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuwauliza wenye ujuzi. Mimi si mkemia, nina diploma yangu ya uandishi wa habari tu. Lakini najua kwamba wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mmewahi kuchangia kisima mahali fulani, Tana River, Lamu, Kwale, Garissa au bara. Kwa hiyo nayaandika hapa niliyojifunza ili yawe ya kurejelewa.

Aseniki ni kitu gani

Aseniki ni elementi ya asili iliyomo ndani ya ardhi, kama chuma au shaba zilivyomo. Waarabu waliyajua mawe yake ya manjano na mekundu tangu zamani wakayaita zirnikhi, na yakichanganywa na chokaa yalitumika kunyolea nywele za mwili. Jina hilo lilitokana na Kiajemi, na kwa Wagiriki likawa arsenikon, ambalo ndilo tulilorudishiwa leo kwa umbo la aseniki. Kwa hiyo wazee wa kale waliijua vizuri, na walijua pia kwamba ni sumu.

Sumu yake ina sura mbili. Mtu akila nyingi kwa mara moja hutapika, huharisha na anaweza kufa. Hiyo ndiyo tunayoisikia katika visa vya kuuana. Ya pili ni ndogondogo, ya kila siku, ndani ya glasi ya maji, kwa miaka. Hii ya pili ndiyo inayohusu visima.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kabla ya mwaka 1993 kiwango kilikuwa 50. Kenya nayo, kwa viwango vya Afrika Mashariki vya maji ya kunywa, inafuata hicho cha 10, ambacho kwenye karatasi za maabara huandikwa miligramu 0.01 kwa lita. Ili uone udogo wake, chukua yale matangi makubwa meusi ya lita 10,000. Yajaze 10. Gramu moja tu ya aseniki ikigawanyika sawasawa katika matangi yote hayo, maji yake yamefika kwenye mpaka.

Na ndani ya kiasi hicho, hata kikizidi mara 10 au mara 50, maji hayabadiliki rangi, hayanuki wala hayabadiliki ladha. Yanaweza kuwa matamu kabisa. Mimi niliyasifu yale ya Kanyakine kwa utamu wake, na utamu si ushahidi wa lolote.

Inaingiaje majini

Njia ziko mbili kubwa: ya asili na ya mikono ya watu.

Ya asili ni mawe yenyewe. Maji ya chini ya ardhi hukaa ndani ya miamba na mchanga kwa miaka mingi, na huchukua kidogokidogo kilichomo. Katika mabonde ya mito mikubwa ya Asia, aseniki imeshikamana na chembe za kutu ya chuma ndani ya matope ya kale. Pale chini pasipofika hewa, vijidudu huila ile mboji iliyozikwa, ile kutu huyeyuka, na aseniki huachiliwa majini. Katika nchi za volkano na chemchemi za moto hali ni nyingine: joto na maji yenye magadi huweza kuitoa moja kwa moja kwenye mawe. Ndiyo sababu imeonekana kwenye baadhi ya maji ya Bonde la Ufa huko Ethiopia, mara nyingi ikiandamana na floraidi.

Ya watu, kwanza ni machimbo. Dhahabu mara nyingi hukaa pamoja na madini yenye aseniki. Jiwe likisagwa na kuachwa juu ya ardhi, mvua na hewa hulifungua, na kilichokuwa kimefungwa huteremka mitoni na visimani.

Pili ni dawa za zamani. Kabla ya dawa za kisasa za kupe, majosho ya ng'ombe katika nchi nyingi, Afrika Mashariki ikiwemo, yalitiwa maji ya aseniki. Baadaye kupe wakaizoea, dawa nyingine zikaja katikati ya karne ya 20, na majosho mengine yakaachwa. Lakini aseniki haiozi. Dawa nyingi za shambani huvunjika baada ya muda zikawa kitu kingine, ila elementi haivunjiki. Iliyomwagika kandokando ya josho miaka 70 iliyopita inaweza kuwa bado iko kwenye udongo ule ule. Huko Australia, katika jimbo la New South Wales, majosho ya zamani yamelazimika kuorodheshwa na kuchunguzwa kwa sababu hiyo. Mara nyingi hung'ang'ania udongo wa juu wala isifike mbali, lakini neno "mara nyingi" halitoshi kwa mtu anayekunywa.

Inafanya nini mwilini

Haianzi kwa maumivu, na hapo ndipo ubaya wake. Mtu hunywa miaka mitano, miaka kumi, akiwa mzima. Kisha hutokea madoadoa kwenye ngozi ya kifua na mgongo, mengine meusi, mengine meupe, kama matone ya mvua kwenye vumbi. Viganja na nyayo huwa vigumu na kuota vipele kama sugu. Mkulima hudhani ni jembe. Baadaye huweza kufuata saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu, na maradhi ya moyo na mishipa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani linaiweka aseniki katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu.

Mji wa Antofagasta, nchini Chile, ulitufundisha jinsi deni hili linavyodaiwa kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 1958 wakazi wake walinyweshwa maji ya mto yenye aseniki zaidi ya mikrogramu 800 kwa lita. Mwaka 1970 mtambo wa kusafisha ukajengwa na kiwango kikashuka sana. Lakini vifo vya saratani ya mapafu na kibofu vilibaki juu kwa miongo kadhaa baada ya maji kusafishwa. Waliokunywa wakiwa watoto walikuja kuugua wakiwa watu wazima.

Dawa ya kuiponya kabisa athari ya muda mrefu haipo. Tiba ya kwanza ni kuacha maji yale. Lishe bora husaidia mwili kuitoa, na wenye vipele hufuatiliwa na daktari. Maradhi haya hayaambukizi. Nayataja kwa makusudi, kwa kuwa huko Bangladesh wanawake wengi wenye madoa ya ngozi walinyanyapaliwa, wengine wakaachwa na waume, kwa kudhaniwa wana ukoma.

Wema uliogeuka

Nimeitaja Bangladesh, na mwenye nia ya kuchimba kisima cha sadaka asipite bila kukisoma kisa chao. Mimi kimeninyima usingizi.

Zamani watu wa huko walikunywa maji ya madimbwi na mito, na watoto walikufa kwa kuharisha na kipindupindu. Kuanzia miaka ya 1970 serikali, mashirika ya Umoja wa Mataifa na wahisani walisaidia kusambaza visima vya bomba jembamba na pampu ya mkono. Ilikuwa kazi njema, na watu wenyewe wakaendelea kujichimbia. Baadaye visima vikafika mamilioni. Maji yalikuwa maangavu, bila vijidudu. Hakuna aliyepima aseniki.

Mwaka 1983, ng'ambo ya mpaka, katika West Bengal ya India, madaktari walianza kuwatambua wagonjwa wa ngozi waliokuwa wakinywa maji ya visima. Mwaka 1993 aseniki ikathibitishwa ndani ya Bangladesh yenyewe. Mwaka 2000 mtaalamu Allan Smith na wenzake waliandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba hii ilikuwa sumu iliyowapata watu wengi zaidi katika historia: kati ya watu milioni 35 na 77, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 125, walikuwa hatarini.

Kuna jambo lililofika hadi mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Mwaka 1992 wanajiolojia wa taasisi ya Uingereza walichunguza maji ya sehemu za Bangladesh kwa vitu vingi, lakini si aseniki. Wanakijiji walioathirika wakashtaki. Mwaka 2006 mahakama ikasema taasisi ile haikuwa na wajibu wa kisheria kwao. Kisheria wakaachiliwa. Mimi sikuisoma hukumu ile kama mwanasheria. Niliisoma kama mtu mwenye karatasi isiyo na mstari wa aseniki mfukoni.

Walichofanya baadaye ni cha kuigwa. Karibu visima milioni 5 vilipimwa. Kilichozidi kiwango cha nchi kilipakwa rangi nyekundu mdomoni, kilicho salama kikapakwa kijani. Watu hawakuambiwa waache visima vyote. Waliambiwa nyekundu ni ya kufulia na kuogea, kijani ndiyo ya kunywa na kupikia. Visima viwili vilivyo hatua 50 kutoka kimoja hadi kingine viliweza kupata rangi tofauti. Kwa hiyo majibu ya kisima cha jirani si majibu ya kisima chako.

Kwetu je?

Upande wa Tanzania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden wameonyesha kwamba maji ya chini ya ardhi katika maeneo ya dhahabu kusini na mashariki mwa Ziwa Victoria, Geita na Mara, yana sehemu ambazo aseniki inazidi kiwango. Upande wa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu machimbo ya dhahabu ya Migori ulizungumzia zebaki, risasi na aseniki katika mazingira ya wachimbaji.

Kenya tatizo letu linalojulikana zaidi ni floraidi. Meno ya kahawia ya watu wa Nakuru, Naivasha na Baringo yanatokana na maji ya volkano yenye floraidi nyingi, na ikizidi sana huharibu mifupa. Kiwango chake ni miligramu 1.5 kwa lita. Mlima Kenya nao ni volkano ya kale, na ndiyo sababu yule mwalimu aliniulizia vyote viwili kwa pumzi moja.

Na sisi watu wa Mombasa hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza habari ya sumu isiyoonekana. Owino Uhuru iko papa hapa, Changamwe na Mikindani zikiwa jirani zake. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi hapo kuanzia mwaka 2007 hadi 2014, na risasi ikaingia kwenye udongo, maji na damu za watoto. Phyllis Omido, mama aliyeanza kuuliza baada ya mwanawe mchanga kuugua, alipata tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Risasi si aseniki, lakini somo ni moja: mtu wa kawaida aliuliza swali ambalo wenye vyeo hawakuliuliza.

Kuna wasomaji watakaosema, Kanyakine iko mbali, inatuhusu nini? Iangalieni ramani. Mito inayoshuka upande ule wa Mlima Kenya inaingia Mto Tana. Tana unapita Garissa, Hola na Garsen, na unamwagika baharini Kipini. Maji ya Meru ndiyo maji ya ndugu zetu Wapokomo na ya mashamba ya Tana Delta. Sisemi kwamba mto una aseniki. Nasema tu kwamba anayejali maji ya chini ajali na ya juu.

Twahara si usalama

Swali hili nilimpelekea ustadhi wangu, kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kuyajua maji kwa sifa tatu: rangi, harufu na ladha. Najisi ikibadilisha mojawapo, maji yameharibika. Aseniki haibadilishi hata moja. Je, maji yale ni twahara?

Ustadhi alinijibu hivi. Hukumu ya twahara ni ya ibada. Kutawadha na kuoga kwa maji yale ni sahihi. Lakini kunywa kitu kilichothibitishwa kudhuru ni mlango mwingine, na hapo kanuni ni kwamba madhara huondolewa. Akaongeza neno ambalo nimelishika: mwenye kutoa sadaka ya chakula huhakikisha hakijaharibika, basi mwenye kutoa sadaka ya maji ana wajibu uleule.

Sayansi nayo haipingani na hilo, kwani aseniki ya majini haipenyi ngozi kwa urahisi. Udhu, kuoga na kufua havina hatari kubwa kwa kiasi kinachopatikana visimani. Hatari ni kunywa na kupikia. Wali na ugali hunywa maji yote ya sufuria, pamoja na kilichomo.

Namna ya kupima

Kwanza, aseniki haipimwi usipoiomba. Kipimo cha kawaida huangalia vijidudu, tope, uchungu wa maji na chumvi. Mwambie mtu wa maabara kwa maneno wazi: nataka aseniki, floraidi, risasi, manganizi na naitreti. Gharama huongezeka, lakini ukiilinganisha na gharama ya kuchimba ni sehemu ndogo mno.

Pili, chagua maabara iliyoidhinishwa. Kuna za serikali, za vyuo vikuu na za binafsi. Omba chupa yao wenyewe, kwa kuwa ya vipimo vya madini hutiwa tone la tindikali ili madini yasigande kwenye plastiki. Chupa ya soda iliyosuuzwa haifai.

Tatu, washa pampu kwanza yapite maji yaliyolala bombani, kisha ujaze. Andika tarehe, saa, jina la kisima na kina chake.

Nne, soma majibu kwa makini. Angalia kipimo kimeandikwa kwa miligramu au mikrogramu. Miligramu 0.01 ndiyo mikrogramu 10. Na wakiandika "haikuonekana", uliza mashine yao inaona kuanzia wapi. Mashine inayoona kuanzia 50 haiwezi kukuambia kama una 30.

Tano, zipo karatasi za kupimia papo hapo kisimani. Maji hutiwa dawa, hutoka gesi, na karatasi hugeuka manjano hadi kahawia. Zinafaa kuchuja visima vingi kwa haraka, ila jibu la mwisho ni la maabara. Rudia kupima baada ya mwaka, na mara moja ukiona kisima kimeongezwa kina au pampu imebadilishwa.

Ikipatikana, tufanye nini

Yasiyosaidia niyaseme kwanza, maana ndiyo tutakayoyakimbilia. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, aseniki hubaki palepale, kwa hiyo huongezeka kwa lita. Klorini huua vijidudu, haiondoi aseniki. Kitambaa, mkaa wa jikoni na kuacha maji yatulie usiku kucha visikutie moyo.

Linalosaidia zaidi ni kubadilisha chanzo cha maji ya kunywa na kupikia. Mtu mmoja hahitaji lita nyingi za kunywa kwa siku, kwa hiyo hata mradi mdogo hutosha. Pale Kanyakine mvua ni za misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Disemba, na kila nyumba ina paa la mabati. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri kwenye tangi lililofunikwa hayana aseniki ya mawe. Maji ya mradi wa mto nayo yanaweza kutumika, mradi yachemshwe au yatiwe dawa, kwa maana ya mto adui yake ni vijidudu.

Njia ya tatu ni kuchuja. Aseniki hupenda kushikamana na kutu ya chuma, na vichujio vingi vimejengwa juu ya tabia hiyo. Abul Hussam, mkemia mzaliwa wa Bangladesh, alitengeneza kichujio cha ndoo, mchanga na vipande vya chuma, akapata tuzo ya Grainger ya dola milioni moja mwaka 2007. Mitambo ya kusukuma maji kupitia utando mwembamba nayo huondoa sehemu kubwa. Kwa floraidi, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi ya miaka mingi kwa mkaa wa mifupa. Lakini kichujio ni kama gari: kinataka matengenezo, na kikichoka hakipigi kelele. Kisipopimwa kinachotoka, hakuna tofauti na kutokuwa nacho.

Haki yetu kisheria

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kuchimba kisima kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na huduma za maji zina bodi ya kuzidhibiti. Kwa hiyo si hisani kuomba karatasi kamili. Mchimbaji akikukabidhi kisima bila majibu ya kemikali, hajamaliza kazi, na kiasi cha mwisho cha malipo kisitoke.

Wetu tulimlipa chote kabla. Simlaumu yeye peke yake. Sisi ndio tuliokuwa na haraka ya kupiga picha.

Tumefikia wapi

Niliporudi Mombasa tulikutana tena ndugu wote. Mmoja alisema tusiwatie watu hofu bure, maana huenda maji hayana kitu. Ni kweli, huenda hayana. Hakuna mtu aliyeugua, na sina sababu ya kusema yana sumu. Lakini shemeji yangu, ambaye hazungumzi sana, aliuliza: "Angekuwa mama ndiye anayekunywa, tungesubiri?" Mjadala ukaisha.

Tumekubaliana mambo matatu na kamati ya Kanyakine. Sampuli imechukuliwa upya, kwa chupa ya maabara, na yule mwalimu mstaafu ndiye aliyesimamia pampu. Hadi majibu yatoke, mfereji wa kisima unatumika kwa mifugo, kufua na kuoga, na tumenunua matangi mawili ya mvua kwa ajili ya kunywa. Na majibu, yawe mazuri au mabaya, yatabandikwa ukutani kwenye kisima kwa Kimeru na Kiswahili, ili yeyote anayejaza mtungi ajue anachobeba.

Nami nitayaandika hapahapa. Yakiwa chini ya 10, nitamshukuru Mola na kupaka mdomo wa kisima rangi ya kijani kwa mkono wangu. Yakizidi, nitapaka nyekundu, kisha tutaanza kuchanga tena, kwa kuwa sadaka ya mama haijakamilika.

Wewe uliyechangia kisima, itafute ile karatasi leo. Angalia kama mstari upo.

Wabillahi tawfiq.